Masafa Yanapohama: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Osileta Yenye PLL na Isiyo na PLL

Fundi anapoletewa transmita inayohama masafa, swali la kwanza analopaswa kujiuliza si sehemu gani imeharibika, bali ni kitu gani ndani ya kifaa hicho kinachoamua masafa yawe yalivyo. Osileta ni saketi inayozalisha wimbi la masafa fulani. Katika osileta iliyo huru, yaani isiyo na kitanzi cha kuirekebisha, masafa huamuliwa na koili na kapasita zake, au na kipande cha kristali ya kwatzi. Katika osileta iliyomo ndani ya kitanzi cha kushika fezi, ambacho mafundi wengi wanakijua kwa herufi zake PLL, mambo ni tofauti kabisa: masafa huamuliwa na osileta nyingine ndogo, ile ya rejea, ikizidishwa kwa namba ya kigawanyo.

Kitanzi chenyewe hakizalishi uthabiti wowote. Huuchukua kwenye rejea na kuuhamishia kwenye osileta inayoongozwa kwa volteji, yaani VCO. Kigawanyo hupunguza masafa ya VCO, kilinganisha fezi huyalinganisha na ya rejea, na kichujio huyalainisha matokeo yawe volteji ya kuiongoza VCO; kitanzi kimeshika pale hayo mawili yanapolingana. Rejea ikikosea kwa sehemu 20 kwa milioni, au ppm 20, transmita ya 98.0 MHz nayo itakosea kwa ppm 20, ambazo ni Hz 1,960, hata kama kila kitu ndani ya kitanzi kinafanya kazi bila dosari. Na kwa kulinganisha, stesheni ya FM nchini Marekani hairuhusiwi kupotoka zaidi ya Hz 2,000. Upande wa pili, kitanzi kisiposhika, ulichonacho ni osileta huru, tena mbovu kuliko ile iliyoundwa iwe huru tangu mwanzo, kwa sababu VCO hutengenezwa makusudi iwe nyepesi kusukumwa na volteji. Ndiyo maana dalili ile ile, masafa kuhama, hutafutiwa chanzo mahali tofauti kulingana na kama kitanzi kipo, na kama kipo, kimeshika au hakijashika.

Kabla ya kushika pasi ya kuchomea

Hakikisha kwanza kwamba kinachohama si kipimo chako. Kihesabu masafa kina osileta yake ya rejea, na katika vihesabu vya bei nafuu osileta hiyo ni kristali ya kawaida isiyofidiwa joto, ambayo inaweza kukosea kwa ppm 10 au zaidi. Kiwashe nusu saa kabla ya kupima, kisha ukilinganishe na chanzo unachokiamini, kama osileta ya 10 MHz inayoongozwa na GPS. Kumbuka pia muda wa lango, yaani muda ambao kihesabu huyahesabu mawimbi: katika kihesabu cha kawaida lango la sekunde 1 haliwezi kuonyesha tofauti iliyo ndogo kuliko Hz 1, kwa hiyo namba zinazochezacheza kwa tarakimu moja mwishoni si ushahidi wa hitilafu yoyote.

Kosa jingine la kipimo hutokana na proubu ya osiloskopu. Proubu ya ×10 huongeza takribani pF 10 hadi 15 pale inapogusa, na ile ya ×1 inaweza kuongeza karibu pF 100, kiasi ambacho huhamisha masafa ya kristali au kuizima kabisa. Chukua ishara baada ya hatua ya kutenga (amplifaya ndogo inayoikinga osileta na mzigo), au tumia koili ndogo ya mizunguko 2 iliyosogezwa karibu na saketi bila kuigusa.

Kama kifaa kina PLL na masafa yake yanaweza kubadilishwa, kuna jaribio moja linalookoa muda mwingi kuliko yote. Pima kosa katika masafa mawili yaliyo mbali, kwa mfano 88 MHz na 108 MHz, kisha ugawe kila kosa kwa masafa yake. Ukipata Hz 1,760 upande mmoja na Hz 2,160 upande wa pili, zote ni ppm 20, na kosa liko kwenye rejea. Kosa likiwa ni lile lile kwa Hz pande zote mbili, kuna osileta nyingine nje ya kitanzi ambayo inajumlishwa au kutolewa mahali fulani, jambo la kawaida katika transiva (redio za kutuma na kupokea) za zamani za SSB, yaani za ukanda mmoja wa pembeni. Namba zisipokuwa na mpangilio wowote, na kila dakika zikawa nyingine, achana na rejea: kitanzi hakijashika.

Osileta huru inahama polepole tangu ilipowashwa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na karibu kila mara chanzo chake ni joto. Katika saketi ya koili na kapasita, masafa hubadilika kwa nusu ya badiliko la koili likijumlishwa na nusu ya badiliko la kapasita, kwa mwelekeo wa kinyume: thamani zikipanda, masafa hushuka. Chukua VFO, yaani osileta ambayo masafa yake hubadilishwa na mtumiaji, ya 7.1 MHz yenye koili iliyozungushwa kwenye pete nyekundu ya unga wa chuma, aina namba 2, ambayo hubadilika kwa takribani ppm 95 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Hata kama kapasita zake hazibadiliki kabisa, masafa yatahama kwa zaidi ya Hz 330 kwa kila nyuzi. Badilisha pete hiyo kwa ya njano, aina namba 6, ambayo ni ppm 35, na uhamaji utashuka hadi takribani Hz 125 kwa nyuzi. Pete za feraiti ni mbaya zaidi kuliko zote mbili na hazina nafasi katika osileta huru, hata kama zinakupa koili kubwa kwa mizunguko michache.

Kapasita ndizo mshtakiwa wa pili, na mara nyingi ndizo mshtakiwa wa kwanza pale ambapo mtu mwingine amekwisha kuitengeneza saketi kabla yako. Kapasita za seramiki zinazouzwa kwa fungu bila maelezo zinaweza kuwa za X7R, ambazo thamani yake huruhusiwa kubadilika kwa asilimia 15 katika upana wote wa joto lake, au za Y5V, ambazo zinaweza kupoteza hadi asilimia 82. Hizo zinafaa kuchuja umeme wa kulisha, si kuamua masafa. Mahali pa kuamua masafa pawe na NP0, ambazo pia huitwa C0G na hazibadiliki zaidi ya ppm 30 kwa nyuzi. Zile za umbo la kidonge mara nyingi zina alama nyeusi kichwani. Polistairini hushuka thamani joto linapopanda, kwa takribani ppm 150 kwa nyuzi, na sifa hiyo inaweza kutumiwa kufidia koili inayopanda: pamoja na pete ya njano, kama karibu robo ya kapasitansi yote ni ya polistairini na iliyobaki ni NP0, mabadiliko hayo mawili hukaribia kufutana.

Ili kujua ni sehemu ipi hasa inayohama, usipashe joto bodi nzima. Kunja karatasi ngumu iwe kama bomba jembamba na uelekeze hewa ya mashine ya kukaushia nywele kwenye kipande kimoja kwa sekunde chache huku ukitazama kihesabu. Kipande kinachoyasukuma masafa mara tu kinapopata joto ndicho cha kubadilisha. Kama osileta inaongozwa na diodi ya varakta, ambayo kapasitansi yake hubadilishwa kwa volteji, ichunguze mapema, kwa kuwa diodi hiyo huathirika na joto zaidi pale volteji yake ya kuongoza inapokuwa ndogo. Wakati mwingine tiba ni kuongeza kapasita sambamba ili varakta ifanye kazi kwenye volti 3 au 4 badala ya nusu volti.

Baada ya kufidia joto na kuifunika saketi kwa kasha la bati, bado utabaki na uhamaji wa makumi ya Hz. Wale wasiotaka PLL kamili kwa sababu ya kelele zake wanaweza kutumia kisahihisho alichokibuni Mholanzi Klaas Spaargaren, mwenye ishara ya mwito PA0KSB, mwaka 1973. Saketi hiyo huhesabu masafa ya VFO mara kwa mara na kuisukuma kidogo juu au chini ili ibaki kwenye hatua iliyo karibu. Haishiki fezi, na haiwezi kuokoa osileta inayokimbia haraka, lakini kwa osileta iliyokwisha kutulia vizuri inatosha.

Masafa yanaruka ghafla, au yanabadilika mtu anapogusa kifaa

Kuruka si kuhama. Joto halirukishi masafa kwa Hz 200 mara moja na kuyarudisha. Tafuta risasi ya kuchomea iliyopasuka au isiyoshika vizuri, mguso mchafu kwenye mhimili wa kapasita ya kuzungushwa, kiini cha koili kilicholegea, au transista yenye kelele ya kupasukapasuka. Gonga bodi kwa kijiti cha plastiki, si kwa bisibisi.

Masafa yakibadilika pale antena inapounganishwa au mtumiaji anaposogeza mkono, mzigo unairudia osileta. Hatua ya kutenga kati ya osileta na amplifaya haitoshi, haipo, au ishara ya pato inapenya na kurudi ndani ya kasha. Katika transmita ndogo za FM ambazo osileta hufanya kazi kwenye masafa yale yale ya pato, tatizo hili haliishi kwa kuongeza hatua moja tu ya kutenga; kasha la bati lililofungwa pande zote, pamoja na kapasita za kupitishia waya za umeme ukutani mwake, ndilo tiba ya kweli.

Mngurumo kwenye sauti

Mngurumo wa Hz 100 katika nchi zenye umeme wa Hz 50 unatoka kwenye umeme wa kulisha baada ya kuugeuza kuwa wa mkondo mmoja. Lisha osileta kwa betri: mngurumo ukitoweka, umepata chanzo. Usidharau mabaki madogo ya mawimbi, maana VCO inayosukumwa kwa 1 MHz kwa kila volti moja ya umeme wa kulisha itahama kwa kHz 10 kutokana na milivolti 10 tu.

Ndani ya PLL dalili hii inahitaji kufikiri kidogo zaidi. Kitanzi huzima misukosuko iliyo polepole kuliko upana wake (masafa ya juu kabisa ambayo kinaweza kuyafuata) na kuiacha ile iliyo ya haraka zaidi. Kama upana wa kitanzi ni kHz 5 na bado unasikia Hz 100, mngurumo hauingii kwenye VCO, kwa sababu ungefutwa. Unaingia kupitia rejea au kilinganisha fezi. Kama upana ni Hz 5, VCO inarudi kuwa mshukiwa wa kwanza.

Kristali ni thabiti lakini masafa si sahihi

Hapa hakuna uhamaji, kuna kosa lisilobadilika, na chanzo chake cha kawaida ni kapasitansi ya mzigo, yaani ile ambayo saketi huiweka kwenye kristali. Kristali iliyokatwa kwa ajili ya mzigo wa pF 20 haitatoa masafa yaliyoandikwa juu yake ikipewa pF 16. Kapasita 2 za pF 22 zilizo kwenye miguu ya kristali huwa pF 11 kwa pamoja, ukijumlisha pF 5 hivi za bodi na IC (chipu) unapata pF 16, na kwa kristali nyingi za MHz kila pF inayopungua hupandisha masafa kwa ppm 10 hadi 30. Katika IC za kuzalisha masafa kama Si5351, mzigo huo huwekwa na programu, kwa kuchagua pF 6, 8 au 10, na kosa la rejista moja linaweza kumfanya mtu anunue kristali mpya bure.

Saa za 32.768 kHz zina tabia yao. Kristali zake hufikia kasi yake ya juu karibu na nyuzi 25, kisha huchelewa pande zote mbili kwa takribani ppm 0.034 kuzidishwa kwa mraba wa tofauti ya joto. Kasha lililo juani ambalo ndani yake mna nyuzi 45 litachelewesha saa kwa ppm 13.6, yaani sekunde 1.2 hivi kwa siku, au dakika 7 kwa mwaka likikaa katika joto hilo daima. Hiyo si hitilafu. Ni umbo la kristali, na tiba yake ni saa yenye fidia ya joto.

PLL haishiki

Napinga desturi ya kuanza kwa kubadilisha IC ya PLL. Ndiyo sehemu ghali kuliko nyingine, ngumu kuichomoa, na kwa kawaida ndiyo ya mwisho kuharibika. Anza na kipimo kimoja: volteji ya kuongoza VCO. Tumia mita yenye ukinzani mkubwa, na ujue kwamba hata ile ya megaomu 10 inakula mkondo mdogo kutoka kwenye kichujio.

Volteji ikiwa katikati, tuseme kati ya volti 1 na 4 katika saketi ya volti 5, na imetulia, kitanzi kimeshika na tatizo liko mahali pengine. Ikiwa imegota juu, kitanzi kinadhani VCO iko chini mno. Ama VCO kweli haiwezi kufika, kwa sababu koili imekuwa kubwa au kiini kimesogea, ama kilinganisha fezi hakipati mapigo kutoka kwenye kigawanyo na hivyo kinasukuma juu bila kikomo. Ikiwa imegota chini, VCO iko juu mno au rejea imekufa. Katika CD4046, IC ya PLL yenye vilinganisha fezi viwili, kilinganishi cha pili hufanya hivyo hasa: rejea ikitoweka, masafa hushuka hadi mwisho wa chini, ilhali kilinganishi cha kwanza huyaacha katikati. Maelezo haya yanahusu VCO ambayo masafa yake hupanda volteji inapopanda. Kwa iliyo kinyume, geuza kila kitu, na kama uelekeo wa kilinganishi umewekwa vibaya kwenye programu, kitanzi kitagota upande mmoja siku zote.

Sasa kata kitanzi. Tenganisha kichujio na VCO, kisha uilishe pini ya kuongoza kwa potenshometa iliyounganishwa kwenye umeme uliotulia, na uandike masafa kwa kila nusu volti. Masafa unayoyataka yakipatikana ndani ya upana huo, VCO ni nzima. Ukiwa bado umekata kitanzi, pima mapigo yanayotoka kwenye kigawanyo: VCO ikiwa 98 MHz na namba ya kigawanyo ikiwa 980, yanapaswa kuwa 100 kHz kamili. Yakiwa ya ovyo, ishara inayoingia kwenye kigawanyo ni dhaifu. Yakiwa 200 kHz, kigawanyo kinahesabu hamoniki ya pili, yaani mara mbili ya masafa ya VCO, na kitanzi kikifungwa kitashika kwenye nusu ya masafa yanayotakiwa huku taa ya kuonyesha kwamba kimeshika ikiwaka kwa furaha zote. Vigawanyo vingi vya masafa ya juu hutetema vyenyewe visipopewa ishara, kwa hiyo kuwapo kwa mapigo peke yake hakuthibitishi kwamba VCO inafanya kazi.

Volteji ya kuongoza ikipanda na kushuka kwa mdundo bila kutulia, kitanzi kinaizungukia shabaha yake bila kukaa. Rezista iliyo kwenye kichujio imekatika au si ya thamani inayotakiwa, au upana wa kitanzi umekaribia mno masafa ya kulinganisha; usizidishe sehemu moja ya kumi ya masafa hayo.

PLL imeshika lakini masafa bado yanahama

Hii ni rejea tu. Kristali ya kawaida, TCXO (osileta ya kristali iliyofidiwa joto) ya ppm 1 hivi, au osileta iliyo ndani ya tanuri dogo: chagua kulingana na unachohitaji. Vipokezi vya kwanza vya RTL-SDR, yaani redio ndogo za USB zinazotumiwa na kompyuta, vilikuwa na kristali ya kawaida ya 28.8 MHz, na kosa la ppm 50 kwenye 100 MHz ni kHz 5, jambo lisilosikika sana kwenye FM lakini linaloharibu kabisa mapokezi ya data ya masafa membamba. Kubadilisha VCO, kuongeza bati au kurekebisha kichujio hakusaidii hapa hata kidogo.

PLL imeshika, ila sauti au wimbi si safi

Transmita ya FM ambayo besi yake imepotea baada ya kutengenezwa huwa na kitanzi cha haraka kupita kiasi. Sauti huingizwa kwa kuisukuma VCO, na kitanzi huiona sauti ya chini kama kosa la kufutwa, kwa hiyo upana wake unapaswa kuwa Hz chache tu. Kapasita ya elektroliti iliyokauka kwa joto hupoteza thamani yake na kuufanya upana huo uongezeke bila mtu kugusa chochote.

Kuna dalili iliyo karibu na hiyo: transmita inaachia kitanzi pale tu muziki wenye besi nzito unapopigwa. Hesabu yake ni hii. Mchepuko (kiasi ambacho sauti huyasogeza masafa) wa kHz 75 kwa sauti ya Hz 30 ni radiani 2,500 za fezi. Ukigawanya kwa 980 unapata radiani 2.55 kwenye kilinganisha fezi, ilhali kilinganishi cha XOR (kinachotumia lango la mantiki) kinavumilia radiani 1.57 tu kila upande. Punguza masafa ya kulinganisha kutoka 100 kHz hadi 12.5 kHz, kigawanyo kiwe 7,840, na radiani hizo zitashuka hadi 0.32. Kelele ya rejea itazidishwa kwa desibeli 18 zaidi, lakini kwa kitanzi cha Hz chache kelele hiyo hubaki karibu kabisa na wimbi kuu na haiudhi.

Mawimbi bandia yanayojitokeza pande zote mbili za wimbi kuu, kwa umbali ulio sawa kabisa na masafa ya kulinganisha, yanaonyesha kwamba mkondo unavuja kwenye kichujio na kilinganishi kinalazimika kuufidia kwa kila pigo. Kapasita inayovuja ni chanzo kimojawapo. Kwenye vifaa vinavyokaa pwani, Tanga au Mombasa kwa mfano, chunguza bodi yenyewe: mabaki ya flaksi ya kuchomea yakishika chumvi na unyevu hupitisha mkondo kati ya njia za shaba zilizo jirani. Osha kwa pombe ya isopropili na brashi, kausha vizuri, kisha utazame tena kama mawimbi hayo yameshuka. Ukitaka kupaka vanishi ya kuzuia unyevu, ipake kwenye kichujio na kilinganishi lakini uiache koili ya VCO bila kuguswa, au upime upya volteji ya kuongoza baada ya kupaka, kwa kuwa vanishi huongeza kapasitansi na inaweza kuisogeza VCO hadi ukingoni mwa upana wake.